Chicago, Harlem au Muncie: Uanzie Mji Gani Kuijua Marekani ya Enzi ya Jazz

Anayetaka kuijua Marekani ya miaka ya 1920 kwa kawaida huelekezwa kwenye riwaya na filamu: majumba ya matajiri, shanga na manyoya, shampeni, majambazi waliovaa suti. Ataangalia na kufurahi, lakini atabaki hajui watu walifikaje mjini, kodi ya nyumba waliilipaje, walisoma gazeti gani, na kwa nini muziki ule ulitoka kwao na si kwa wengine. Ushauri wangu ni huu: chagua mji kwanza, vitabu vifuate. Ndani ya mji mmoja utakuta kazi, kanisa, dansi, polisi, gazeti na siasa vikigusana, na kila unachokisoma kitapata mahali pa kukaa.

Enzi yenyewe ni fupi. Vita Kuu ya Kwanza iliisha Novemba 1918, na soko la hisa la New York likaporomoka Oktoba 1929. Tena mambo mengi yalifika kwa mkupuo. Januari 1920 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima. Agosti mwaka huohuo katiba iliwapa wanawake haki ya kupiga kura. Novemba kituo cha redio cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais. Sensa ya mwaka huo nayo ilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya Wamarekani walikuwa wakiishi mijini.

Miji ninayoilinganisha hapa ni mitatu: Chicago, Harlem iliyo ndani ya New York, na Muncie, mji mdogo wa viwanda katika jimbo la Indiana. Nasema mapema kwamba chaguo langu ni Chicago. Lakini wapo wasomaji ambao nitawaambia waanzie Harlem bila kusita, na hata Muncie ina watu wake.

Chicago

Habari ya Chicago huanzia relini. Treni za Illinois Central zilitoka New Orleans, zikapita Mississippi na Memphis hadi Chicago, na ndizo zilizowabeba maelfu ya Wamarekani Weusi waliokuwa wakikimbia mashamba ya pamba, madeni yasiyoisha, na makundi ya wazungu yaliyoua watu bila kesi wala hakimu. Sensa ya 1910 ilihesabu watu Weusi 44,103 mjini humo. Ya 1920 ikahesabu 109,458, na ya 1930 ikafika 233,903. Ndani ya miaka 20 idadi yao iliongezeka zaidi ya mara tano.

Aliyewaita alikuwa gazeti. Robert S. Abbott alianzisha Chicago Defender mwaka 1905, na wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman wakalipeleka kusini, ambako nakala moja ilipita mikono mingi na kusomwa kwa sauti vinyozini na makanisani. Wasomaji wakaanza kuandika barua: kazi ipo? nauli ni kiasi gani? nije na watoto? Emmett J. Scott alizikusanya barua hizo, na mwaka 1919 zikachapishwa katika Journal of Negro History, jarida la mwanahistoria Carter G. Woodson. Zimeandikwa kati ya 1916 na 1918, kwa hiyo zinaitangulia enzi yenyewe kidogo, lakini walioziandika ndio walioujaza mji ambao muda si mrefu baadaye ulikuwa ukicheza jazz.

Katika vyanzo vyote vya kipindi hiki, hizi barua nazipenda kuliko kitu kingine. Wanaoandika ni mafundi, vibarua, wafua nguo na wasichana waliotoka shuleni. Wanataja mshahara wao wa siku na idadi ya watoto wao. Wengi wanasihi barua isitokee gazetini, maana ikijulikana kusini kwamba wanataka kuondoka watajiletea balaa. Kiingereza chake ni cha mtu wa kawaida, sentensi hazina makuu, na tahajia mara nyingi inafuata matamshi. Ukikwama kwenye neno, lisome kwa sauti na maana itakujia. Kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, hapa ni rahisi kuingia kuliko kwenye insha za wasomi wa wakati ule.

Kisha uje muziki wenyewe. Joe Oliver, aliyeitwa King Oliver, alikuwa ametoka New Orleans na kushika ukumbi wa Lincoln Gardens, mtaa wa 31 upande wa kusini wa mji. Agosti 1922 alimwita kijana wa kwao aliyekuwa ametimiza miaka 21 tu, Louis Armstrong, aje apige koneti ya pili kando yake. Kwenye piano alikaa Lil Hardin, mwanamke aliyezaliwa Memphis na ambaye kazi yake ya mwanzo Chicago ilikuwa kuwapigia wateja nyimbo katika duka la karatasi za muziki. Mfuatilie sana mwanamke huyu. Aliolewa na Armstrong mwaka 1924, na ndiye aliyemsukuma aondoke chini ya kivuli cha Oliver na kusimama mwenyewe.

Aprili 1923 bendi ilisafiri hadi Richmond, Indiana, kurekodi kwa kampuni ya Gennett. Studio ilikuwa kando ya reli, na treni ikipita kazi ilisimama. Maikrofoni haikuwapo. Wanamuziki walisimama mbele ya pembe kubwa iliyokusanya sauti na kuipeleka kwenye sindano iliyochora nta. Lil Hardin alisimulia baadaye kwamba Armstrong aliwekwa mbali kabisa na wenzake kwa sababu sauti yake iliwafunika wote. Kwenye “Chimes Blues”, iliyorekodiwa siku hizo, utamsikia akipiga peke yake kwa mara ya kwanza katika santuri. Kisha rukia Juni 1928 usikilize “West End Blues”, aliyoirekodi Chicago akiwa na Earl Hines kwenye piano. Kufikia hapo maikrofoni imeshachukua nafasi ya pembe, na muziki wa kundi linalosuka sauti kwa pamoja umegeuka kuwa muziki wa mtu mmoja anayesimama mbele na kusema la kwake. Santuri hizo mbili, zenye dakika tatu hivi kila moja, zimetenganishwa na miaka mitano tu. Sijui njia nyingine ya kufundisha mabadiliko makubwa namna hiyo kwa muda mfupi hivyo.

Chicago ina upande wa machungu pia, na uliandikwa kwa uangalifu. Tarehe 27 Julai 1919 kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alizama ziwani baada ya mzungu kuwarushia mawe yeye na wenzake kwa kuwa walikuwa wameelea hadi upande wa ufuo uliohesabiwa kuwa wa wazungu. Machafuko yaliyofuata yaliua watu 38: Weusi 23 na wazungu 15. Tume iliundwa, na mwaka 1922 ikatoa ripoti ya zaidi ya kurasa 600. Usiogope unene wake. Ndani yake mna habari za familia moja moja: vyumba vingapi, wapangaji wangapi, baba anafanya kazi machinjioni au kwenye chuma, kanisa gani, wanaionaje Chicago baada ya kutoka kusini. Soma kurasa za nyumba kwanza, halafu za kazi. Sura za magazeti zinaonyesha jinsi uvumi ulivyochapishwa kama habari na watu wakauana kwa sababu hiyo.

Udhaifu wa Chicago ni Al Capone, bosi wa majambazi. Alikuwapo kweli, vilabu vingi vilivyowalipa wanamuziki vilikuwa mikononi mwa majambazi, na mauaji ya watu saba gereji siku ya Valentine mwaka 1929 si hadithi ya kutunga. Lakini ukitafuta Chicago ya miaka hiyo mtandaoni, jina lake litakufunikia mji mzima. Mweke kando mpaka umjue mfanyakazi wa machinjioni. Udhaifu wa pili ni kwamba nakala za Defender za miaka hiyo mara nyingi hupatikana kupitia maktaba za vyuo vikuu vilivyolipia, kwa hiyo asiye na chuo atategemea zaidi barua, ripoti na santuri.

Harlem

Chicago unaisikiliza. Harlem unaisoma, kwa sababu ilijiandika yenyewe. Jarida la The Crisis la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, lilikuwa likitoka tangu 1910 chini ya msomi W. E. B. Du Bois. Mwaka 1923 likaja Opportunity, na mhariri wake Charles S. Johnson ndiye yuleyule aliyekuwa ameshiriki kuiandika ripoti ya machafuko ya Chicago kabla ya kuhamia New York. Machi 1925 jarida la Survey Graphic lilitoa toleo zima kuhusu Harlem likisimamiwa na mwanafalsafa Alain Locke. Langston Hughes alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi mwaka 1926. Mwaka huohuo shirika la Carnegie lilinunua kwa dola 10,000 mkusanyo wa vitabu na nyaraka wa Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, na kuukabidhi kwa maktaba ya mtaa wa 135. Ndio msingi wa Schomburg Center ya leo, na picha zake nyingi zimewekwa wazi mtandaoni na maktaba ya umma ya New York.

Ukitaka kuielewa Marekani ya rangi mbili bila maelezo marefu, linganisha kumbi mbili za barabara moja ya Lenox. Cotton Club, ya jambazi Owney Madden, iliwaweka watu Weusi jukwaani na jikoni, lakini mezani walikaa wazungu. Duke Ellington alianza kupiga hapo Desemba 1927, na redio ikamsambaza nchi nzima. Sauti ya Harlem ikaingia katika nyumba za watu ambao wasingekubali kukaa meza moja na mpigaji. Mitaa miwili hivi chini yake, Savoy Ballroom ilifunguliwa Machi 1926 na ilipokea watu wa rangi zote. Huko ndiko dansi ya Lindy Hop ilikochezwa mpaka ikajulikana duniani. Filamu huonyesha zaidi Cotton Club. Mimi ningekutuma Savoy, kwa sababu pale wachezaji walikuwa wenyeji wenyewe, waliotoka kazini.

Halafu kuna sherehe za kodi. Kodi za Harlem zilikuwa juu na mishahara ilikuwa chini, kwa hiyo mpangaji aliyekaribia tarehe ya kulipa alichapisha vikadi, akaalika watu Jumamosi usiku kwa kiingilio cha senti kadhaa, akapika, akauza pombe ya magendo, na mpiga piano akakesha. James P. Johnson na Fats Waller walinoa mikono yao kwenye sherehe za namna hiyo. Hughes alivipenda vikadi hivyo akavihifadhi, na leo viko Chuo Kikuu cha Yale. Mtu aliyewahi kuchangisha au kuchangiwa katika harambee ataielewa Harlem mara moja akivisoma.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake nyingine ya kuchagua Harlem. Marcus Garvey wa Jamaika aliweka hapo makao ya UNIA, chama chake cha kuwaunganisha watu Weusi duniani, na gazeti lake la Negro World, ambalo serikali za kikoloni zilijitahidi kulizuia lisiingie Afrika. Lilifika. Jomo Kenyatta alimsimulia C. L. R. James jinsi Wakenya wa mwaka 1921, wengine wasiojua kusoma, walivyomzunguka msomaji mmoja, wakasikiliza makala mara mbili tatu, kisha wakatawanyika kwenda kuirudia kwa wengine kwa kumbukumbu. Miaka hiyohiyo gazeti la Chicago lilikuwa likisomwa kwa sauti vinyozini Mississippi, na la Harlem likisomwa kwa sauti Kenya.

Ila tahadhari moja. Kwa kuwa waandishi wa Harlem waliandika vizuri sana, ni rahisi kudhani Harlem yote ilikuwa mashairi na karamu za wasomi. Watu wengi walikuwa wapishi, madobi, wabeba mizigo, madereva wa lifti. Insha za Locke na Du Bois zinadai Kiingereza kizito na msomaji mwenye subira. Dawa ya hilo ni Digital Harlem, ramani ya mtandaoni iliyotengenezwa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Sydney. Inaonyesha matukio ya kila siku ya 1915 hadi 1930 mtaa kwa mtaa: makanisa, ajali, mechi, kukamatwa kwa watu. Ifungue kando ya shairi unalolisoma.

Muncie

Hapa sitakaa sana. Robert na Helen Lynd waliishi na kufanya utafiti Muncie mwaka 1924 na 1925, wakatoa kitabu mwaka 1929 wakiupa mji jina la kubuni, Middletown. Hakuna picha bora ya maisha ya kawaida ya wazungu wa enzi hiyo: jinsi gari, sinema na redio zilivyobadili Jumapili, uchumba na madeni. Katika familia 26 za wafanyakazi zenye gari ambazo watafiti walipata habari za bafu zao, 21 hazikuwa na bafu. Mama mmoja mwenye watoto tisa aliwaambia kwamba wangekuwa radhi kukosa nguo kuliko kuliacha gari.

Kasoro ni kubwa, nayo ilikuwa ya makusudi: watafiti waliwaacha nje wakazi Weusi wa mji. Na hii ni Indiana, jimbo ambalo mwaka 1924 lilimchagua gavana aliyeungwa mkono na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Richmond, ambako Oliver na Armstrong walirekodi mwaka mmoja nyuma, iko jimbo hilohilo, si mbali na Muncie. Gennett yenyewe iliwatengenezea watu wa Klan santuri zao kwa malipo. Ukisoma Muncie peke yake hutayajua hayo, na ndiyo maana siwezi kuiweka ya kwanza.

Jaribio la pombe

Njia nzuri ya kuona tofauti ni kuchukua jambo moja na kulipitisha miji yote mitatu. Chukua marufuku ya pombe. Huko Chicago marufuku iliwatajirisha majambazi, na wao wakawa waajiri wa wanamuziki: malipo mazuri, bosi wa kuogopwa. Huko Harlem iliwaleta wazungu wa katikati ya mji usiku kutafuta kinywaji na burudani, na papo hapo ikampa mpangaji maskini kitu cha kuuza kwenye sherehe ya kodi. Indiana marufuku ilikuwa fahari ya makanisa mengi ya Kiprotestanti, na Klan ikaitumia kama fimbo ya kuwachapa Wakatoliki na wahamiaji. Mwalimu wa historia akitaka kipindi kimoja tu darasani, angechukua hiki.

Basi uchague upi?

Mwanamuziki, au mtu yeyote anayejifunza kwa sikio, aende Chicago. Asiye na Kiingereza cha kutosha pia, kwa sababu santuri hazimdai sarufi na barua zinamsamehe. Gharama nayo ni ndogo: wimbo wa dakika tatu haumalizi bando, na tangu 1 Januari 2024 rekodi za 1923 hazina tena hakimiliki nchini Marekani, na kila Januari mwaka mwingine unaongezwa. Zile za Oliver zinapatikana bure na kihalali.

Mwanafunzi wa fasihi, mwandishi, au anayefuatilia historia ya umoja wa Afrika aende Harlem, aanze na mashairi mafupi ya Hughes kabla ya insha yoyote. Anayetafuta historia ya wanawake nashindwa kumchagulia mji mmoja. Lil Hardin yuko Chicago, mwandishi Zora Neale Hurston aliingia Harlem mwaka 1925, na Helen Lynd aliandika Muncie. Nikilazimishwa, nitasema Harlem, kwa kuwa wanawake wengi waliandika wenyewe katika majarida yake.

Anayesomea uchumi au sosholojia anaweza kuanza Muncie, mradi asome na ripoti ya Chicago ya 1922 sambamba. Moja ikikosa watu, nyingine inao.

New Orleans watu huniuliza. Muziki ulizaliwa huko, ndiyo, na Chuo Kikuu cha Tulane kinatunza simulizi za wazee waliokuwapo. Lakini kufikia miaka ya 1920 Oliver, Armstrong na wenzao wengi walikuwa wameshapanda treni. Kansas City nayo wakati wake mkubwa ni miaka ya 1930.

Kwa aliyeamua Chicago, mpango wa wiki ya kwanza ni mwepesi: barua tano za wahamiaji, “Chimes Blues” mara kadhaa mpaka umtambue Armstrong bila kuambiwa, kurasa za nyumba katika ripoti, kisha “West End Blues”. Baada ya hapo mfuate Armstrong mwenyewe. Mwaka 1929 alihamia New York, akapiga katika klabu ya Connie's Inn, Harlem, na matoleo ya The Crisis ya mwaka huo yatakuonyesha mji aliofikia.